Hanbok ya Kufunga Kifuani

Tulitoka Missouri City, pembeni mwa Houston, asubuhi, magari matatu, wanawake kumi na mmoja, na umbea wa kutosha kutufikisha Dallas bila redio. Joyceline, binti pekee wa shoga yangu Pelagia, alikuwa anaolewa na Seung-ho, Mkorea, nesi mwenzake. Njia nzima tulimjadili huyo kijana: ndizi anakula, shikamoo anaijua, mbona mwembamba hivyo.

Kwao, mama wawili ndio huingia ukumbini kwanza, wameshikana mikono, wakawashe mishumaa. Mama wa mwanamume buluu, mama wa binti waridi, wote katika hanbok, nguo ya asili ya kwao: sketi pana hadi chini na kikoti kifupi cha kufunga kwa utepe. Mishumaa isipowaka, bibi harusi haingii. Ya Pelagia ilishonwa na mama Seung-ho kwa mkono wake, ya kizamani, sketi ya kuzungusha na kufunga kwa kamba.

Basi tukajazana chumba cha kuvalia, kila mmoja fundi. Nani atufundishe sisi kufunga nguo? Tukamfunga Pelagia sketi kiunoni, vizuri, kama mwanamke wa heshima. Kitambaa kikamwagika sakafuni pande zote. Kikoti nacho kikaishia chini ya matiti, tumbo likabaki linachungulia. Kidawa, Mtanga yule asiyeshindwa na nguo, akapachika pini nane. Pelagia akapiga hatua moja, akaikanyaga, akamwangukia Kidawa.

Joyceline akachungulia mlangoni na shela lake. "Mama, inafungwa huku juu," akasema, akijishika kifua.

Pelagia akamtazama kama aliyetukanwa. "Nifunge kifuani, nitoke mbele ya wakwe? Kama natoka bafuni?"

Alikuwa na haki. Kwetu nguo ya kifuani ni ya uani, ya kuogea, ya mzazi aliyetoka kujifungua. Hata dukani huendi nayo. Akasema ameleta gauni lake la kitenge, atavaa hilo.

"Mama Seung-ho ameishona miezi mitatu, mama," Joyceline akasema taratibu. "Ukitoka na kitenge, ataona umeikataa, ataingia peke yake."

Mama Seung-ho akaja mwenyewe kutazama kulikoni. Mwanamke mfupi, Kiingereza chake na cha Pelagia vyote vya kuungaunga. Akaona pini, akaona tumbo, hakucheka. Akazitoa pini moja moja, akampandisha Pelagia mikono, akamzungushia sketi juu ya matiti, akaenda nyuma akavuta kamba kwa nguvu zake zote.

Pelagia akaguna. Halafu machozi yakaanza kumtoka, na poda yetu yote ya nusu saa.

Akaanza kusema, kwa Kiswahili, akitazama ukuta. Kwamba alipomzaa Joyceline, kule kwao Kamachumu, mama yake alimkanda maji ya moto kila asubuhi, kisha akamfunga kanga kifuani, akavuta hivihivi mpaka pumzi ikate. Siku arobaini. Tangu hapo hakuna mtu aliyemfunga nguo namna hiyo. Na mazishi ya mama aliyatazama kwenye simu, akiwa Houston, amevaa sare za kazini.

Mama Seung-ho hakuelewa hata neno. Akajibu kwa Kikorea, maneno mengi ya polepole, huku anafunga fundo. Nasi kila mmoja akawa kwao. Kidawa akamkumbuka mama yake na funguo zake alizozifunga pembeni mwa leso ya kifuani. Mimi nikasikia harufu ya moshi na sabuni ya mche, kanga ya mama yangu ilipokuwa ingali mbichi.

Wakatuita ukumbini. Pelagia akajigusa kifua, akageuka. "Kaza kidogo," akamwambia mama Seung-ho, akionyesha kwa ngumi. "Mama alikuwa anakaza zaidi."

Akakazwa. Akavalishwa kikoti, utepe ukafungwa. Kidawa, kwa kumwonea aibu bado, akamtupia mtandio mabegani. Pelagia akauvua, akamrudishia, akaushika mkono wa mama Seung-ho, wakatoka.