Mkadi wa Mkwaja

Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, nilimwambia mwanangu Shadya awashe gari. Kesho yake mdogo wake Wahida anaolewa, na kikuba chake kilikuwa bado hakijapata mkadi.

Mimi ndiye mtunga vikuba wa Dunda. Maharusi wa mtaa wametoka na maua ya mkono wangu vifuani mwao: asumini, kilua, rihani, na katikati yale majani meupe ya ua la mkadi, ambayo hata yakikauka hunukia sandukuni. Mwaka huu mvua zilichelewa, na mama anayeniletea mkadi akasema miti yake haijachanua. Upande wa bwana harusi wakatuma ujumbe nisihangaike, wao wana maua ya plastiki, ya kupulizia manukato. Niliwashukuru. Moyoni nikasema, plastiki haitakaa kifuani mwa mwanangu nami nikiwa hai.

Tulianzia kusini. Kaole tulichuma asumini, tumba zile ambazo hazijafumbuka, nikazifunga kwenye kitambaa nilichokirowesha. Mbegani, ufukweni, mikadi ipo mingi, imesimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo wavuke maji. Tuliizunguka yote. Majani matupu.

"Mama, si tuweke asumini peke yake?"

"Basi na wewe harusi yako ningepika pilau bila nyama."

"Mimi mlinipikia pilau yenye mchanga!"

"Mchele alichambua shangazi yako Dija, si mimi."

Kumtaja ndiko kulikonikumbusha. Dija ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu Salumu, ameolewa Mkwaja. Nyuma ya jiko lake kuna mkadi anaoumwagia maji ya kuoshea vyombo kila siku. Huo hauna haja ya kungoja mvua.

"Geuza gari," nikasema.

"Mkwaja? Mama, barabara yote huko inatengenezwa."

"Tutapita hivyo hivyo inavyotengenezwa."

Tukashika njia ya kaskazini. Makurunge mikorosho ilikuwa imechanua, harufu yake imeingia garini kabla hatujaiona. Nikamsimamisha Shadya penye kichaka, nikapata vilua vichache, vya manjano, vimejificha chini ya majani. Mbele zaidi, ng'ambo ya Wami, mwanamke mmoja wa Kikwere aitwaye Kulwa alinikatia rihani mlangoni pake. Akachungulia kapu langu, akacheka.

"Mwenzangu, maua yote haya, unaolewa wewe?"

"Anaolewa mwanangu."

"Basi bakisha na la kwako, usije ukajuta."

Shadya alicheka mpaka gari likaingia shimoni. Adhuhuri tuliswali msikiti wa njiani, nikamwomba Mungu mkadi ule uwe umechanua. Alhamdulillahi, tulipokaribia nyumba ya Dija, harufu ilitupokea barabarani.

Dija alipotuona alipiga kigelegele.

"Shikamoo shangazi," Shadya akasema.

"Marahaba mwanangu! Nilijua mtakuja! Nikawaambia majirani, wifi yangu ana adabu zake, hawezi kunialika kwa simu kama anaalika mteja wa duka. Khanga zangu nimeshazipiga pasi."

Nikamtazama Shadya. Kadi za harusi alizituma yeye kwa simu, na mimi nilidhani mjomba wao Khamis amekwenda Mkwaja kwa miguu yake. Kumbe Khamis naye alidhani kadi imetosha. Kwetu shangazi wa bibi harusi haalikwi kwa simu. Hufuatwa nyumbani kwake, watu wakaketi, akaambiwa kwa mdomo.

Shadya akaninong'oneza, "Mama, itikia tu."

Ningeweza. Lakini udhu wa adhuhuri ulikuwa haujanitoka, niuvunjie heshima kwa uongo?

"Wifi, sitakudanganya," nikasema. "Nimekuja kutafuta mkadi."

Dija akakunja uso.

"Kumbe umeujia mti."

"Nimeujia mti."

"Basi mti uko uani. Uombe wenyewe!"

Akaingia ndani, akarudisha mlango.

Juu ya ukuta wa makuti ua lilikuwa linaonekana, jeupe, limening'inia.

"Kisu kipo garini," Shadya akasema. "Na ruhusa katoa. Kasema tuuombe mti."

"Hiyo ni hasira, siyo ruhusa. Siweki ua la namna hiyo kwenye ndoa."

Nilipangusa vumbi miguuni, nikatengeneza ushungi, nikarudi mpaka barabarani. Kisha nikaja upya, kama mtu ambaye ndiyo kwanza anafika.

"Assalaam alaykum. Hodi hapa."

Jirani mmoja aliacha kufagia, akatutazama.

"Hodi wenyewe."

Ndani kitu kilianguka, lakini hakuna aliyeitika. Dini imetufundisha hodi ni tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka. Nikavuta pumzi.

"Hodi. Ni Mize, mke wa Salumu. Nimekuja kumwalika shangazi mtu. Bila yeye, hata huo mkadi siutaki."

Nikangoja, mlango haukufunguka.

"Twende," nikamwambia Shadya.

"Na mkadi?"

"Tumeshajibiwa."

Kusema mkadi siutaki kulinichoma, lakini nilikuwa nimekusudia. Nimeshika mlango wa gari, nikasikia sauti.

"Wewe Mize! Unaalika watu huku unaondoka?"

Dija alikuwa amesimama mlangoni, khanga mpya begani na panga mkononi.

"Hodi tatu zimekwisha, wifi."

"Nilikuwa natafuta panga! Mkadi una miiba, au ulitaka niukate kwa meno?"

Aliukata mwenyewe, akauzungushia khanga. Nilinyoosha mkono kuupokea, akaukwepesha.

"Huu naupakata mimi mpaka Dunda. Na kutunga tunatunga wote, usije ukanipa kazi ya mchele."

Akakaa mbele. Mimi nikakaa nyuma na asumini zangu. Tulipoanza kutoka Mkwaja, Shadya akateremsha kioo.

"Pandisha," Dija akamwambia, "harufu inapotea."

Shadya akapandisha. Joto lilikuwa kali, jasho linatutiririka sote watatu, na hakuna aliyegusa kioo.