Kidole Juu ya Mstari wa Pili

Tangu asubuhi Enock alikuwa hatulii. Mara ashike simu, mara achungulie barabarani, mara aingize mkono mfukoni na kuutoa upesi kama aliyeungua. Mkewe Klara alikuwa njiani kutoka Kishapu kwa wazazi wake, alikokwenda miezi mitatu iliyopita na binti yao Mbuke, mwenye pumu. Alikuwa amemwachia mumewe sharti moja: "Siku ukiwa na karatasi ya zahanati inayosema huvuti tena, nitarudi."

Na sigara Enock aliziacha kweli, tusimwonee. Alinunua sigara ya umeme yenye harufu ya embe, akawa anatembea kifua mbele pale machimboni Runzewe kama mtu aliyeokoka jana, hata akampigia Klara simu kwamba karatasi ataikuta tayari.

Asubuhi hiyohiyo, zahanatini, nesi Noela alimpa karatasi yenye mistari miwili. "Wa kwanza ni pumzi uliyopuliza kwenye kifaa. Gesi ya sumu ya moshi imeshuka sana, hongera. Wa pili ni mkojo. Nikotini imepanda, kaka Enock. Imepita hata ile tuliyokupima wakati wa sigara."

"Mashine yenu imekosea."

"Unavuta mara ngapi kwa siku?"

Enock alianza kuhesabu kwa vidole, kisha akamweleza ukweli. Zamani ilikuwa marufuku kuwasha moto duarani, ndani ya shimo lao la dhahabu, kwa sababu ya baruti. Mwenye hamu ya sigara alipanda ngazi ya magogo hadi juu, akavuta moja, akashuka tena. Kwa siku alizimudu tano. Hii ya umeme haitaki kiberiti, na msimamizi alikuwa bado hajaikataza. Basi alivuta humohumo chini, kila akipumzisha nyundo, kutwa nzima.

"Ngazi ilikuwa inakusaidia," alisema Noela.

Enock alikwenda stendi karatasi mkononi. Klara aliposhuka na Mbuke mgongoni, alimnyooshea karatasi, kidole gumba kikiwa juu ya mstari wa pili. Klara alisoma wa kwanza, akatabasamu. Tabasamu lile lilimtia Enock aibu ambayo hakuwahi kuionja tangu amwoe.

Mbuke aliamka, akanusa harufu ya embe kwenye shati la baba yake. Mkono wake mdogo ukazama mfukoni.

"Baba, pipi. Nipe."

Sigara Mbuke hakuwahi kuiomba. Enock aliushika mkono ule, akautoa taratibu. Kisha akaondoa kidole chake kwenye karatasi.

Klara alisoma mara mbili. "Gari linarudi Kishapu saa nane," alisema. "Asante kwa kunionyesha, Baba Mbuke. Mwezi ujao utanionyesha nyingine."

Hakugomba, na hilo ndilo lililomuuma Enock zaidi. Aliwanunulia maji na mihogo, akampandisha mtoto garini, akaapa moyoni kwamba leo ndiyo mwisho. Aliapa kwa dhati kabisa. Gari lilikuwa halijakata kona, na mkono wake ulikuwa mfukoni.