Ti Iliyoshuka

Mtaani walimwita Bisibisi, kwa sababu hakuonekana bila chombo hicho. Kama hakimo mkononi, basi kimechomekwa kwenye nywele. Alikuwa fundi wa friji, na chumba chake cha kazi kilijaa mitungi ya gesi, mabomba ya shaba na friji zilizovuliwa milango. Jioni, akishanawa grisi, alipiga gitaa.

Shangazi yake alikuwa mpiga fidla. Palikuwa na wimbo mmoja usio na maneno ambao Shangazi aliupokea kwa baba yake, naye baba aliupokea kwa mjomba wake, na watoto wote wa ukoo ule walikua nao masikioni. Kisha bega la Shangazi likakaza. Mkono ukagoma kupanda, fidla ikawekwa kabatini, na wimbo ukabaki wa kuvumishwa puani jikoni. Hilo lilimchoma Bisibisi moyo, akamwambia kwamba atajifunza kuupiga kwa gitaa. Shangazi hakumficha: gitaa, alisema, kazi yake ni kusindikiza waimbaji, ukiliacha liseme peke yake linaishiwa pumzi.

Hata hivyo alikubali kumvumishia. Bisibisi akasikiliza, akaenda zake, akahangaika na nyuzi mpaka akaona ameupata. Akarudi kifua mbele, akaupiga mwanzo hadi mwisho.

"Huyo siye, mwanangu," Shangazi alisema. "Huyo ni pacha wake."

Kosa liko wapi, hakuweza kueleza. Aliujua wimbo kwa mkono, si kwa maelezo. Bisibisi akarudi kazini amenuna, akaifungua kompresa ya mteja kwa hasira hata nati ikaruka na kupotelea chini ya kabati.

Mwishowe alimpelekea shida yake mwalimu wake wa gitaa, dada mmoja mpole aliyefundisha katika chumba cha juu ya duka la dawa. Mwalimu alimwambia aweke gitaa chini, aimbe. Akaimba, mwalimu akiandika noti zake ubaoni, do, re, mi hadi ti. Kisha akamwambia apige. Kabla hajafika mbali mwalimu akamsimamisha huku akicheka.

"Koo lako linaujua," alisema. "Vidole ndivyo vinavyokuangusha. Ukiimba, ti yako inashuka nusu sauti. Ukipiga, unairudisha juu, kama kwenye mazoezi niliyokupa."

Akamchorea ngazi ya noti. Katika ngazi aliyoizoea, ti hukaa imeibana do, ina hamu ya kupanda. Katika wimbo huu ti ilikaa chini kidogo, kwa hiyo wimbo haukuwa na haraka ya kufika nyumbani. Na kodi nazo, zile noti zinazopigwa kwa pamoja, ilibidi zibadilike: moja ilikuwa na ti ya juu tumboni mwake, ikigombana na wimbo. Wakaitoa, wakaweka nyingine iliyojengwa juu ya ile iliyoshuka. Kuhusu pumzi, wakaulegeza uzi mnene kuliko zote hadi ukawa do, ukawa unanguruma chini huku nyuzi nyembamba zikiimba. Nyumbani, mume wa Bisibisi aliposikia kwamba kodi imebadilishwa, aliuliza kama mwenye nyumba amewapandishia.

Sehemu ya pili, ambapo fidla hukimbia, ilimtoa Bisibisi jasho. Alijifunza kugonga uzi mara moja na kuziacha noti nyingine zitolewe na vidole vya kushoto. Wateja waliokuja kuulizia friji zao walimkuta ameketi juu ya kreti, amefumba macho, wakasubiri.

Jumapili mchana alikwenda kwa Shangazi, akamkuta anaosha vyombo. Aliketi kwenye kiti cha jikoni akaanza. Maji yaliendelea kumwagika kwenye sinki. Ilipofika ile ti, ikashuka mahali pake, Shangazi akafunga bomba.

Aligeuka na povu mikononi. Mguu wake ukaanza kupiga sakafu, kisha bega lile lisilouma likaanza kucheza. Sehemu ya pili ilipokimbia naye akaikimbilia kwa sauti, akicheka katikati ya noti, na Bisibisi alihisi gitaa zima likimtetemea kifuani.

"Huyo ndiye," Shangazi alisema. "Ndiye mwenyewe. Rudia, na safari hii usinisubiri."

Akarudia. Shangazi alimpigia simu kaka yake, baba yake Bisibisi, akaiweka simu mezani bila hata kumsalimu, na mzee akasikika akivumisha kutoka upande wa pili. Jirani alisukuma mlango kuuliza fidla imepona lini. Shangazi akamwonyesha gitaa kwa kidevu, mikono kiunoni, kama aliyelitengeneza yeye.

Vidole vilipoanza kuwaka moto Bisibisi alilirudisha gitaa kwenye mfuko wake. Shangazi alikuwa anajifuta mikono, anamtazama.

"Upo mwingine," alisema. "Ila huo ni mgumu. Hata mimi ulinisumbua."

Bisibisi akafungua tena zipu ya mfuko.