Chelezo Changu cha Nyegina

Niliwahi kuona chelezo cha meli Mwanza mara moja tu, basi nikajiona mhandisi. Mwaka 1983 nikachimba changu hapa Nyegina, shimo la kukaushia mashua, na lango la mbao upande wa ziwa. Mashua ikaingia, nikashusha lango. Dizeli ya pampu haikupatikana hata kwa kibali, kwa hiyo jirani yangu Pelagia na wanawake wenzake wakachota maji kwa ndoo siku tatu.

Nikaziba nyufa za mashua vizuri. Kuinua lango, wapi! Ziwa zima limeliegemea, na mimi bingwa sikuweka tundu la kurudishia maji ndani, yasukumane na ya nje.

Nikamfuata Pelagia, kichwa chini. “Mama, naomba mrudishe maji.”

“Yapi, fundi? Si ulikuwaga unatugombeza tuyamwage mbali, yasirudi?”