Dumu la Kurudi

Gari liliegeshwa uani, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Zamani lilikuwa basi dogo la kubebea wagonjwa. Fundi alilinunua likiwa limekufa, akalifufua kwa mikono yake, akatia ndani kitanda kipana, jiko la gesi, tangi la maji na makabati yenye komeo ili yasifunguke kwenye makorongo. Baada ya siku chache yeye na mkewe wangeondoka nalo kwenda hifadhi ya jangwani, kule ndani kabisa ambako hakuna bomba, hakuna duka, na choo ni shimo unalojichimbia mwenyewe kwa sepetu.

Mkewe, mshonaji, aliingoja safari hiyo tangu alipoposwa. Sasa ilipokaribia, ilikuwa inamchoma, kwa sababu ndani ya gari lile walikuwa watatu: yeye, mumewe, na mke wa kwanza, marehemu.

"Sufuria hazikai huko," Fundi alimwambia. "Marehemu alikuwa anaziweka chini ya kitanda, zisigongane."

Akaziweka chini ya kitanda.

"Sepetu ifungwe mlangoni. Marehemu alisema mtu akibanwa hana muda wa kutafuta sepetu."

Akaifunga mlangoni. Mungu amrehemu, alisema moyoni, na alisema kwa dhati kama alivyosema kila asubuhi katika sala. Lakini mbona hanyamazi?

Kilichomuuma zaidi ni kiti cha mbele, cha abiria. Kilivikwa kitambaa cha maua alichokishona marehemu mwenyewe, mshono umekwenda upogo kama njia ya mlevi. Alikwisha kuomba akishone upya, Fundi akajibu, "Kiache tu, hakina neno." Hakina neno! Yeye ambaye maharusi wa mtaa mzima wanapendeza kwa mkono wake, akalie mshono ule hadi jangwani!

Fundi alikuwa na desturi moja. Kabla ya safari yoyote ya mbali, mlango wa nyumba ulifungwa, ufunguo akapewa dada yake, nao wakaishi ndani ya gari, palepale uani, hadi kesho yake. Kilichosahauliwa kijulikane hapa penye majirani, si kule penye fisi.

Dada mtu akaja kuchukua ufunguo, akachungulia dirishani.

"Wifi yangu, utaweza kweli? Mwenzio alikuwa mwanamke wa jangwa hasa. Na hizo kucha zako?"

"Kucha zangu zinakata uzi, wifi. Jangwa bado sijalipima."

"Haya. Dumu la kurudi mmeshajaza?"

"Hilo ndilo la kwanza," Fundi akadakia. "Marehemu alikuwa analijaza kabla ya kitu chochote, na halifunguliwi hadi gari ligeuze uso kuelekea nyumbani. Hata ulimi ukikauka."

Wakatazamana, kaka na dada, wakatabasamu kwa jambo ambalo mshonaji hakuwamo.

Fundi alipomsindikiza dada yake hadi nje, mshonaji alipanda nyuma, akalishusha lile dumu, akalimwaga lote kwenye mchicha, akalificha nyuma ya banda la kuku. Mahali pake akaweka cherehani yake ya mkono, akaifunika blanketi. Kama marehemu ana chake humu ndani, na mimi nina changu. Akajipangusa mikono, na kwa mara ya kwanza wiki ile akaimba.

Asubuhi koki ya tangi ilitoa pumzi tu. Chini ya gari palikuwa na tope, na kuku walikuwa wanaoga vumbi pembeni yake kwa raha zao. Koki ilikuwa imevuja usiku kucha.

"Tumekwisha," Fundi alisema. "Ingekuwa kule, tungegeuza gari sasa hivi na kufungua dumu." Akafunua blanketi. Akaitazama cherehani, akaushika mpini wake, akauzungusha taratibu. "Hii inatoa maji ya moto au ya baridi?"

Mshonaji hakucheka. "Nimelimwaga."

"Umelimwaga?"

"Nimelimwaga! Nimechoka kuwa utingo wa marehemu. Sufuria zake, sepetu yake, kiti chake. Mimi nimeolewa au nimepewa lifti?"

Fundi alikaa kwenye ngazi ya gari.

"Utingo nilikuwa mimi," alisema. "Nilikuwa naendesha tu. Kupanga alipanga yeye, sikujifunza, nilijua yupo. Ukiniona namtaja kila saa, nakariri, mke wangu, nakariri nisije nikasahau kitu nikakuulia mbali. Koki hiyo ndicho kitu pekee nilichopanga kwa akili yangu. Umeiona."

"Kwa nini hukuniambia kwamba unaogopa?"

"Ungekubali kwenda jangwani na mwoga?"

"Ningekubali kwenda na mtu wa kunisemesha mimi."

Wivu haukumtoka. Ulisogea tu, kama abiria aliyeambiwa abane kidogo. Alikwenda nyuma ya banda la kuku, akarudi na dumu.

"Kile kiti nakifumua leo," alisema.

Fundi alikitazama kile kiti. "Fumua."

Wifi alipokuja na ufunguo alimkuta ameketi kwenye kiti cha mbele kilicho uchi, wembe mkononi, kitambaa cha maua mapajani.

"Vipi, mmefaulu?"

"Tumefeli, wifi. Kwa bahati tumefeli karibu na bomba."

Mshonaji alilijaza dumu yeye mwenyewe mpaka maji yakafurika, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Akakikunja kile kitambaa, akalifunga nacho shingoni fundo la kushonea, ambalo halifunguki kwa pupa. Kisha akalipandisha nyuma, mahali pake palepale, cherehani ikarudi nyumbani.

"Kaa hapo na maji yako, dada," alinong'ona, akilipigapiga dumu. "Mbele nakaa mimi."