Trudy Aingia Kwenye Televisheni

Verna Kucera alikuwa anakoroga uji wa pumba kwenye jiko la jikoni kwake, Nebraska, Bwana Ashgrove alipoanza tena kusema kwenye televisheni. Uji ulikuwa wa Trudy, farasi wake mzee asiye na meno, ambaye naye alikuwa amesimama palepale kando ya jiko kwa sababu nje kulikuwa na theluji.

Julian Ashgrove alikuwa mchambuzi wa mjini, mwenye skafu nzuri. Huruma anayo, wala sisemi hana. Yeye na wenzake walipiga kelele mpaka machinjio ya farasi, yaliyokuwa mwendo wa asubuhi moja tu, yakafungwa. Tangu hapo farasi waliochoka walipakiwa kwenye lori la buluu, wakavushwa mpaka wa kusini kuchinjiwa huko, safari nzima wamesimama na kiu. Orrin, mumewe Verna, alishatoka na bunduki ammalize Trudy mwenyewe, akarudi nayo analia. Verna alitaka kitu kimoja tu: Trudy afie nyumbani, asilipande lile lori.

"Waachieni malishoni," Ashgrove alisema. "Farasi anahitaji nini zaidi ya nyasi na uhuru?"

"Meno," Orrin alijibu, kolachi, andazi la jamu, imemjaa mdomoni.

Trudy aliinua masikio. Akaingiza kichwa ndani ya televisheni, kisha mabega, kisha kilichobaki. Verna aliwahi kuondoa picha za wajukuu zilizokuwa juu ya televisheni zisianguke.

"Hajamaliza uji," Orrin alisema. Verna akamsukumia na ndoo.

Kule studio Ashgrove alimkumbatia shingo, machozi yakamtoka. Alimpa karoti nzima. Trudy aliizungusha mdomoni, akaiangusha juu ya kiatu cha Ashgrove.

"Ameshiba mapenzi," Ashgrove aliwaeleza watazamaji.

"Ikwangue kwanza, bwege wee!" Verna alipaza sauti. Lakini televisheni ilipitisha farasi tu, maneno hapana.

Jioni ya pili majirani walipanga foleni ya matela mpaka barabarani, kila mtu na farasi wake mzee. Verna aliwachemshia kahawa.

"Wangu ana makalio mapana," alisema Lyle Hanzlik, jirani wa ng'ambo ya kijito.

"Mpitishe kwa ubavu," Verna alisema. "Na umfute kwato, ndiyo kwanza nimedeki."

Juma zima Ashgrove alikuwa na furaha, akiwataja farasi wale kwa majina aliyowapa mwenyewe. Kisha mjadala ukahamia kwa nyangumi. Akatangaza kwamba amepatikana bwana mmoja mkarimu, aliyeahidi kuwatafutia farasi wote makazi. Makazi hayo yako wapi, hakuuliza. Nyuma yake, kwenye dirisha la studio, lori la buluu lilikuwa linarudi kinyumenyume kupakia.

Verna aliigonga televisheni ubavuni, kama anavyoigonga ikileta chenga. Akaigonga tena, akimwita Trudy kwa jina lake hasa.

Trudy alitoka kwa matako, amekonda, ana stika ya mnada pajani. Majirani walingoja mpaka kahawa ikapoa, lakini hakutoka mwingine. Lyle aliigonga televisheni mpaka mkono ukamuuma.

Orrin alibandua stika kwa maji ya moto. Trudy akanywa uji mpya wote, akalamba na ndoo, akajilaza kando ya jiko na kufa. Verna alilia, kisha akacheka, kwa furaha kabisa. Wakamfunika kwa blanketi la kitanda cha wageni, wakala kolachi zilizobaki, kila mmoja akasimulia jinsi Trudy alivyowahi kumwangusha.

Nje, kwenye barabara kuu, lori la buluu lilipita likielekea kusini. Lyle alisimama dirishani, akavua kofia.

"Leo nchini mwetu," Ashgrove alisema kwenye televisheni, "hakuna farasi hata mmoja anayechinjwa."

Na alisema kweli. Mpaka ulikuwa bado mbali.