Tupa ya Inspekta Javan

Inspekta Javan aliogopa mlio wa bastola, na kituo kizima cha Magunga kililijua jambo hilo isipokuwa Javan mwenyewe. Alilenga vizuri, tumbo ndani, kidevu juu. Kisha kabla hajafyatua, anafumba macho na kuuinamisha mkono. Risasi inalima ardhi mbele ya shabaha. Mwaka ule wa 1994 tulikuwa na mtihani wa shabaha Homa Bay, na kituo chetu kilikuwa na bastola moja tu ambayo sote tungeitumia. Mimi niliuhitaji mtihani huo kuliko wenzangu. Nikifaulu ningekuwa koplo, niache kumchemshia Afande chai, kazi niliyopewa kwa kuwa nilikuwa konstebo wa kike peke yangu.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Javan aliisingizia bastola.

"Hii kitu inapiga chini," alisema. "Iko na shida ya kiwanda."

"Ndiyo, Afande," wakajibu wenzangu.

"Afande," nikasema mimi, "ukifyatua unafunga macho."

Konstebo Wesley akanigusa kiwiko. "Nyar Asumbi, wachana na hiyo maneno," akanong'ona, akiniita binti wa Asumbi kwa Kijaluo. Javan alionja chai yake, akasema leo imekosa majani.

Bastola ile haikuwa na kitu cha kukaza wala kulegeza. Juu ya mdomo wake palikuwa na kijino cha chuma, na nyuma mfereji. Unakiweka kijino katikati ya mfereji, unafyatua. Kijino kikipunguzwa, mlengaji hulazimika kuuinua mdomo wa bastola ili akione, na risasi huenda juu zaidi. Javan alilijua hilo, simnyimi haki yake. Alichukua tupa tuliyonolea mapanga, akaketi barazani akasugua, akaenda akapiga, akarudi akasugua tena, mpaka risasi zikaanza kumpata kifuani yule mtu wa karatasi tuliyemtumia kama shabaha. Macho bado kafumba. Yaani chuma cha serikali kilikuwa kimekatwa kwa kipimo cha woga wake, na sisi tukaambiwa tupige makofi. Tukapiga. Mimi nilipiga kwa hasira, lakini nilipiga.

Siku ya mtihani tulikwenda kwenye shimo la kuchimbia murram, ule udongo mwekundu wa barabara, nje ya mji wa Homa Bay. Msimamizi alikuwa mrakibu mmoja mzee, Bwana Nicholas, mtu wa maneno machache. Javan akatangulia, na risasi zake zote zikaingia kifuani. Akarudi akitembea kama bwana harusi. Wesley akafuata, macho wazi, mkono umetulia, na risasi zake zote zikapita juu ya kichwa cha karatasi. Konstebo Machuki naye vivyo hivyo. Wakaambiwa wameanguka mtihani, wakasema ndiyo, Afande.

Zamu yangu ikafika. Ningeweza kulenga magoti, nipate kifua, nijinyamazie na ukoplo wangu. Lakini nilimwona Wesley, hodari kuliko sisi sote, akitazama viatu vyake kama mtu aliyeiba kuku, na uchungu ukanipanda.

"Afande," nikamwambia mrakibu, "hii kijino imekatwa. Bastola inapiga juu."

Nicholas akaipokea, akapitisha kidole gumba pale chuma kilipong'aa. Akachomoa bastola yake mwenyewe kiunoni, akampa Javan. "Hebu piga na hii."

Javan akalenga, akafumba macho. Vumbi likaruka mbele ya shabaha. Akapiga tena, vumbi tena. Akaigeuzageuza ile bastola mkononi na kuitazama kwa huruma.

"Hata hii yako iko na hiyo shida, Afande," akasema. "Mko na tupa?"

Mrakibu akaichukua akanipa mimi. Sasa nikikosa, ningekuwa mwongo mbele ya wakubwa wawili. Nikakiweka kijino katikati ya mfereji. Risasi zote zikaingia kifuani, moja tu ikaegemea bega.

"Mnaona?" Javan akawahi. "Imekubali. Ni vile nimeizoesha."

"Umepita," mrakibu akaniambia. Kisha akawageukia Wesley na Machuki, akawanyoshea mpini wa ile bastola yake. Akawaambia hesabu yao ya kwanza imefutwa, kila mmoja arudie; ya Javan akaiacha ilivyoandikwa.

Wote wawili wakamtazama Javan. Javan alikuwa akipangusa vumbi kwenye kofia yake.

"Hapana, Afande," akasema Wesley. "Hiyo ni mbovu."

"Ni mbovu kabisa," akasema Machuki.

Nilirudi Magunga tukiwa tumefaulu mimi na Javan tu, na njia nzima sikuweza kuwasemesha wale wawili. Javan nilikuwa nimeshamsamehe; yeye angalau aliamini alichosema.